Maswali Yenu: Makasri, Giza na Riwaya za Kigothi (hadithi za kale za kutisha)

Swali: Nimeanza kusoma riwaya ya Dracula, lakini nani asiyejua kuwa yule bwana ni mnyonya damu? Taharuki iko wapi?

Jibu: Iko hapo hapo, kwenye hilo unalolijua wewe na Jonathan Harker halijui. Mtazame wakili huyu kijana akinyoa ndevu ndani ya kasri la Transylvania. Kioo chake kinaonyesha chumba chote nyuma yake, hamna mtu. Mara mkono unamgusa begani. Anashtuka, anajikata, damu inamchuruzika kidevuni. Mwenyeji wake, Dracula, ambaye kiooni haonekani, anamvamia kooni, vidole vinagusa uzi wa shanga wenye msalaba, na ghadhabu inamwisha papo hapo. Kisha anakitupa kioo nje ya dirisha. Na Harker anaandika nini kwenye shajara? Kwamba inaudhi, maana hajui sasa atanyoaje, labda ajitazame kwenye kasha la saa yake. Kila nikifika hapo natamani kumpigia ukelele akimbie.

Swali: Naweza kuruka maelezo marefu ya milima na misitu?

Jibu: Ukichoka, ruka, hasa kwa mwandishi Ann Radcliffe. Ila kwanza soma ukurasa mmoja kwa sauti. Alipochapisha The Mysteries of Udolpho mwaka 1794 hakuwa amewahi kukanyaga Italia anayoieleza, na wasomaji wake wengi hawakuwa na namna nyingine ya kuiona.

Swali: Frankenstein ndilo jina la lile zimwi?

Jibu: Hapana, ni la Victor, mwanafunzi aliyemuumba. Kiumbe mwenyewe hana jina. Usizipite sura za katikati, anaposimulia kwa kinywa chake alivyojificha kibandani, akijifunza lugha kwa kuchungulia familia jirani kwenye ufa. Mary Shelley, mwandishi wa Frankenstein, alikuwa na miaka 20 kitabu kilipotoka, Januari 1818, na mpaka leo sijaona aliyeuandika upweke vizuri kuliko hapo.

Swali: Sina muda. Nisomeje?

Jibu: Rudi kwa Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka 1897. Ni shajara, barua, telegramu na vipande vya magazeti, karibu vyote vina tarehe, kuanzia Mei 3 hadi Novemba 6. Kila siku soma cha tarehe hiyo tu. Siku nyingine ni mistari michache, nyingine hakuna kitu. Juni 30 shajara ya Harker inakatika akiwa bado kasrini, na habari yake ya kweli haiji hadi barua ya Agosti 12. Utaisubiri kama Mina, mchumba wake, alivyoisubiri.