Bigfoot na Yeti: ni wanyama au majini?

SWALI: Ndugu Mhariri, kijiweni kwetu tunabishana kuhusu viumbe wa msituni wanaofanana na sokwe na kutembea wima, yaani Bigfoot wa Marekani na Yeti wa Himalaya. Mwenzetu anashikilia kwamba, kwa kuwa mzoga haujawahi kupatikana na nyayo hukatika ghafla, hao ni majini. Je, ana hoja? – Msomaji, Majengo, Moshi.

JIBU: Mwenzenu ameanzia mahali pazuri, ila ameruka hatua. Mnyama hawezi kudumu karne nzima akiwa peke yake; ana wazazi na watoto, anakula, anaacha kinyesi, na mwishowe anakufa. Mbega wa msitu wa Rau, hapo hapo mjini kwenu, hata asiyewaona huwasikia wakinguruma alfajiri.

Swali kama lenu limewahi kuulizwa hapa nchini na likapata jibu. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji habari za kima mwoga aitwaye kipunji. Kwa kuwa masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa kweli na wa mizimu pia, haikuwa rahisi kujua huyu ni wa upande upi, hadi alipoonekana: manyoya ya kahawia, shungi la nywele utosini, ncha ya mkia yenye weupe hafifu. Alitangazwa mwaka 2005. Baadaye kipunji mdogo alikufa katika mtego wa mkulima, na vinasaba vya mzoga huo viliwafanya wanasayansi, mwaka 2006, wampe jenasi (kundi la spishi zenye ukoo wa karibu) yake mwenyewe. Wawindaji, bila shaka, hawakuhitaji kuambiwa.

Bigfoot hajafikia hapo. Filamu yake mashuhuri ilipigwa Bluff Creek, California, mwaka 1967, na tangu hapo kamera zimejaa misituni bila kuleta picha isiyo na ubishi. Kwa Yeti, utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulipima sampuli tisa za mifupa, meno, ngozi, nywele na kinyesi zilizodaiwa kuwa zake: nane zilikuwa za dubu na moja ya mbwa. Hata nyayo zina maelezo, kwani dubu hukanyaga kwa mguu wa nyuma pale alipokanyaga kwa wa mbele, na alama mbili zikiungana hufanana na unyayo mrefu wa mtu. Jua likiyeyusha theluji, unyayo huo hupanuka zaidi.

Kuwapo kwa majini ni suala la imani, na safu hii hailipingi. Tatizo ni kwamba mwenzenu anayaita pale tu ushahidi unapokosekana, lakini nyayo zinapoonekana anazitaja kama ushahidi. Achague moja: akitegemea nyayo na nywele, basi akubali zipimwe kama za mnyama yeyote, na zilizokwisha kupimwa zimetoa dubu.