Kwa mwanangu, kuhusu merikebu uliyoiona

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, nasi hatujambo. Bibi yako aulizia simu yako kila Ijumaa.

Wauliza kwa nini watu wazima na akili zao wasimame foleni kuiona Götheborg ya Uswidi, merikebu mpya iliyofanywa ionekane ya kale, na kama ni sawa wewe kumaliza likizo na pesa zako kwenda kuvuta kamba humo. La likizo nitalifikia. Kwanza nikwambie la mbao.

Merikebu ya asili ilizama Septemba 1745, karibu kabisa na bandari ya kwao, ikirudi China na shehena. Hii ya sasa mkuku wake, ule mti mkuu wa chini, uliwekwa 1995, ikashushwa majini 2003, ikaenda China na kurudi kati ya 2005 na 2007. Ina injini ndani. Wako wanaoiona injini ile kuwa ni udanganyifu. Majahazi yetu yana mashine siku nyingi na hakuna aliyeyavua jina. Mimi nikipanda chombo sitazami mlingoti. Natazama mianya kati ya mbao.

Mbao ikilowa huvimba, ikikauka hunywea. Ndiyo maana fundi wa kalafati, yule azibaye mianya kwa pamba, haupakii mwanya mpaka ukajaa pomoni. Huanza kwa kukwangua pamba ya zamani yote, asibakishe hata uzi, kwa sababu chini ya pamba mbovu ndipo maji hukaa. Kisha husokota pamba mpya, akaichovya mafuta ya nazi au sifa, yale mafuta ya papa, akaishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Husikiliza mlio: ukiwa mzito, basi imeshiba. Akizidisha kwenye mbao kavu, chombo kikishuka majini mbao zitavimba, zikose pa kwenda, ziling'oe misumari kwenye mataruma, zile mbavu za chombo. Akipunguza, kitavuja. Na kuvuja kidogo siku mbili za mwanzo si kasoro, hiyo ni mbao inakunywa. Chini ya mstari wa maji hupakwa deheni, chokaa na mafuta ya mnyama, dhidi ya yule mdudu atobozaye mbao.

Haya yote walielezwa wale wa hoteli walionunua jahazi la babu yako. Wewe ulikuwa mdogo, lakini hadithi waijua, na ami yako hadi leo ile njia hapiti. Walitaka liwe mkahawa. Wakalipweleza bamvua kubwa la kaskazi, maji yalipojaa sana, likakaa juani bila hata kibanda cha makuti. Babu yako akawaambia: limwagieni maji ya chumvi asubuhi na jioni. Wakacheka, chombo kinamwagiliwa kama mchicha? Mianya ilipofunguka wakaijaza saruji, wakapiga rangi juu, likapendeza. Masika yakaingia. Maji ya mvua si maji ya bahari; chumvi huhifadhi mbao, maji baridi huiozesha. Yakatuama nyuma ya saruji, mataruma ya karibu na mkuku yakalainika hata kisu kikaingia bila kusukumwa. Mwaka uliofuata wakataka lielee, wageni wapige picha. Mbao zikavimba, saruji haikunjiki, misumari ikang'oka. Likazama palepale lilipofungwa, maji hayafiki kifuani.

Wala usifikiri ni ujinga wa huku kwetu tu. Hermione ya Wafaransa, nayo merikebu mpya ya kuigwa, ilifika Marekani 2015 ikishangiliwa, na mwaka 2021, ilipotolewa majini kwa matengenezo, ubao wake ukakutwa umeliwa na kuvu.

Ndiyo maana nasema kila siku, nawe umechoka kusikia: chombo hakifi kwa bahari, hufa kwa kuwekwa.

Ingawa, hapo Mombasa, chini ya Ngome ya Yesu, merikebu ya Wareno Santo António de Tanná imelala tangu 1697, Ngome ilipozingirwa. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977 hadi 1980, wakakuta sehemu ya chini ya chombo ipo, imehifadhiwa na tope. Wakaipima, wakatoa vitu vya makumbusho, mbao wakazifukia tena. Hiyo imewekwa kuliko kuwekwa kote, na haijafa. Vasa ya Uswidi ilikaa chini tangu 1628 hadi 1961, kisha ikanyunyiziwa dawa miaka 17. Ni kweli, tope halina hewa, na kuvu na mdudu wataka hewa. Lakini hapo kilichookoka ni ubao. Nani atakwambia foromali yake, ule mti wa tanga, ilitwekwa na watu wangapi?

Mtepe wetu, chombo cha kale cha pwani, ulishonwa kwa kamba za makumbi, tanga lake mkeka, na mafundi wake walikwisha karne iliyopita. Waomani walipojenga Jewel of Muscat, ya kushonwa vilevile, ikafika Singapore mwaka 2010, na mikono ya watu ikajua tena kukaza kamba kwenye tundu. Kwangu hiyo ndiyo thamani ya kuiga, foleni au hakuna foleni.

Sasa likizo. Nikikwambia nenda utasema nimekutuma, nikikwambia usiende utakwenda. Sikuamulii. Ila waulize lini mara ya mwisho chombo kilipandishwa nchi kavu, nani alikipiga kalafati, na pampu ya kutoa maji hufanya kazi mara ngapi kwa siku kikiwa kimetulia bandarini. Ile merikebu Bounty, iliyojengwa 1960 kwa ajili ya filamu, ilitoka bandarini Oktoba 2012 na kimbunga Sandy kiko baharini, ikazama. Walikuwamo 16, wakaokolewa 14. Kwa hiyo muulize nahodha pia anaamuaje kutosafiri. Hilo ni muhimu kuliko pampu.

Nami nilisema sitaki kuamua. Mamako asema bei yenyewe ni wizi. Nitumie tarehe za safari, nizione tu.

Babako