Hippasa ni buibui mbwa-mwitu licha ya utando wake

Je, Hippasa, jenasi ya buibui, ni buibui mbwa-mwitu kweli? Ndiyo, ni buibui mbwa-mwitu halisi, familia ya Lycosidae, ingawa anafuma utando mpana wenye faneli ya kujifichia. Kinachomfanya aonekane wa Agelenidae, familia nyingine ya buibui wanaofuma utando wenye faneli, ni utando huo pamoja na viungo virefu vya nyuma vya kutolea uzi, na hivyo peke yake havitoshi kumtambua. Angalia macho kwa lenzi: manne madogo mstari wa mbele, mawili makubwa juu yake, kisha mawili nyuma zaidi kichwani. Agelenidae wana mistari miwili ya macho manne manne. Ukimkuta jike ana mfuko wa mayai ulionata nyuma ya tumbo, au watoto wamejazana mgongoni, suala limekwisha.

Uainishaji wa 2019 uliotumia DNA unamweka kwenye nusufamilia Hippasinae. Jenasi hii inaishi Afrika na Asia. Kwa hiyo picha ikitoka Florida au Mexico, mfikirie kwanza Sosippus: naye ni Lycosidae mwenye faneli, ila yuko nusufamilia nyingine, Sosippinae. Spishi usiitaje kwa picha tu. Inahitaji viungo vya uzazi vya buibui mzima chini ya hadubini.