Aesop hakutuachia kitabu

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu. Umeuliza Aesop, yule msimulizi wa visa vya wanyama wa Ugiriki ya kale, aliandika vitabu vingapi, na kwa nini kisa kimoja kina funzo hili katika kitabu cha darasani kwako na funzo jingine katika kile ulichoazima.

Hakuna kitabu chake hata kimoja kilichotufikia. Habari zake za zamani zinatoka kwa Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 5 KK: alikuwa mtumwa wa Iadmon wa kisiwa cha Samos, akauawa na watu wa Delphi, mji wa Ugiriki, na dia yake ikaja kupokewa na mjukuu wa Iadmon. Yale yasemwayo kwamba alikuwa na sura mbaya, na ububu wake ukaponywa na mungu wa kike, yamo katika masimulizi yaliyoandikwa mamia ya miaka baadaye. Wasimulie wanafunzi ukipenda, ila usiwaambie ni historia.

Ukitaka kuona kisa kilivyotumika, mshike Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki. Anasema kiongozi mmoja wa Samos alishtakiwa, adhabu ikiwa kifo, na Aesop akasimama kumtetea. Akasimulia: mbweha alinasa korongoni, kupe wakamjaa. Kalunguyeye akamhurumia, akataka kumbandua kupe hao. Mbweha akakataa: hawa wameshiba, hawafyonzi tena sana, ukiwaondoa watakuja wenye njaa, wanimalizie damu iliyobaki. Kisha Aesop akawageukia watu wa Samos: kiongozi huyu ameshatajirika, hatawadhuru tena; mkimuua watakuja maskini wawaibie kilichosalia. Hapo funzo ni hoja ya siku ile, mbele ya watu wale. Kisa kikishatoka barazani, kila mkusanyaji hukibandikia funzo lake, na ndiyo maana vitabu vyako viwili havikubaliani.

Wakusanyaji walikuwa wengi. Demetrius wa Phalerum alitangulia, yapata mwaka 300 KK, lakini kazi yake imepotea. Katika karne ya 1 BK Phaedrus, mtumwa aliyeachwa huru, aliviweka visa katika mashairi ya Kilatini, na mwenyewe anakiri kwamba ni vya mtindo wa Aesop, si vya Aesop vyote. Babrius alitunga kwa Kigiriki.

Kwa hiyo ukitilia shaka kisa, tafuta namba yake katika orodha ya visa vya Aesop ya mtaalamu Perry, iliyotoka 1952. Mbweha na zabibu ni 15, mchungaji mwongo 210, sungura na kobe 226, na huyo mbweha wa kupe 427. Kisicho na namba humo, usikipachike jina la Aesop kwa kuwa tu kina wanyama wanaosema. Na chenye namba pia hakijathibitika kuwa chake. Namba inakuonyesha tu kimo katika hazina ya kale.

Darasani fuata utaratibu wa Quintilian, mwalimu wa Roma ya kale. Kwanza watoto wakisimulie kisa kwa mdomo, kwa maneno mepesi yasiyo na mapambo. Halafu wakiandike kwa wepesi uleule. Wakishaweza, wakifupishe, kisha wakirefushe bila kupoteza maana. Wengi hukosea kwa kutoa funzo kabla ya kisa: mtoto akishalijua jibu, masikio yake yanalala. Lifunike funzo kwa karatasi, soma hadi mnyama wa mwisho aseme, kisha waulize kisa hiki wangemwambia nani, na siku gani.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mama yako