Namba ya tawi na ya muamala katika kila mstari wa logi

SWALI

Ndugu Mhariri, ninatunza mfumo wa kompyuta wa chama cha akiba na mikopo chenye matawi Mbale, Tororo na Soroti. Programu imeandikwa kwa Python, na matukio yake yote huandikwa katika faili moja la logi lililo kwenye seva ya kukodi. Mwanachama anapolalamika kwamba ameweka pesa na salio halikubadilika, ninafungua faili na kukuta mistari mingi isemayo tu "malipo yamekataliwa", bila tawi wala namba ya muamala. Nilijaribu kuongeza maelezo hayo kwa `extra`, yaani njia ya kuambatisha maelezo ya ziada kwenye tukio linaloandikwa, lakini sasa baadhi ya mistari haiandikwi kabisa, na kwenye skrini hutokea malalamiko kuhusu `tawi`. Nifanyeje?

*Msomaji, Mbale*

JIBU

Ndugu msomaji, `extra` inafanya kazi yake sawasawa. Tatizo ni kwamba umeiweka mahali pachache, ilhali fomata, yaani kiolezo cha mstari wa logi, inaidai kila mahali. Maktaba ya `logging`, ambayo imo ndani ya Python yenyewe tangu toleo la 2.3, hutengeneza rekodi kwa kila tukio, kisha handla, yaani sehemu inayoandika rekodi katika faili, huikabidhi rekodi hiyo kwa fomata ili igeuzwe kuwa mstari wa maandishi. Ukishaandika `%(tawi)s` katika fomata, kila rekodi inayopita hapo lazima ije na sehemu hiyo. Rekodi ulizozipa `extra` zinayo, lakini zile zinazotoka katika maktaba nyingine, kama ya hifadhidata, hazina. Hapo fomata hushindwa, mstari hauingii katika faili, na lalamiko hutolewa kwenye mkondo wa makosa, ambao ndio unaouona kwenye skrini. Hili si jambo dogo, kwa maana mstari uliopotea huenda ndio uliokuwa ukieleza kwa nini pesa za mwanachama hazikuingia.

Tangu toleo la 3.10, fomata hukubali thamani za akiba, yaani za kutumika pale sehemu inapokosekana, kupitia `defaults`, nazo zingezuia mistari isipotee. Hata hivyo, mistari ya hifadhidata ingebaki bila tawi, na wewe unataka kujua tawi hasa pale hifadhidata inapokwama. Kwa hiyo ninakushauri uyaweke maelezo mahali pamoja, katika filta inayoijaza kila rekodi kabla haijafika kwa fomata:

```
import logging
from contextvars import ContextVar

tawi = ContextVar("tawi", default="-")
muamala = ContextVar("muamala", default="-")

class OngezaMaelezo(logging.Filter):
    def filter(self, record):
        record.tawi = tawi.get()
        record.muamala = muamala.get()
        return True

handla = logging.FileHandler("akiba.log")
handla.addFilter(OngezaMaelezo())
handla.setFormatter(logging.Formatter(
    "%(asctime)s %(levelname)s %(tawi)s %(muamala)s %(message)s",
    datefmt="%Y-%m-%d %H:%M:%S%z"))

mzizi = logging.getLogger()
mzizi.setLevel(logging.INFO)
mzizi.addHandler(handla)
```

Tazama kwa makini kwamba filta imefungwa kwenye handla, si kwenye loga, yaani chombo ambacho kila sehemu ya programu hutumia kutoa rekodi zake. Filta iliyofungwa kwenye loga huzikagua rekodi zilizoanzia kwenye loga hiyo tu. Zile zinazopanda kutoka kwa loga za chini yake huipita bila kuguswa, hata kama filta iko kwenye loga ya mzizi, iliyo juu ya loga zote. Ukiifunga huko, utarudi kwenye malalamiko yale yale. Vilevile usiisahau `return True`, kwa kuwa bila hiyo kila rekodi itahesabiwa kuwa imekataliwa, na faili litabaki tupu pasipo onyo lolote.

`ContextVar`, iliyokuja na toleo la 3.7, hutunza thamani ya kila ombi peke yake, hata maombi mawili yanaposhughulikiwa kwa wakati mmoja. Iweke ombi linapoingia na uiondoe linapomalizika:

```
alama = muamala.set(namba)
try:
    shughulikia(ombi)
finally:
    muamala.reset(alama)
```

Fanya hivyo hivyo kwa `tawi`. Sehemu ya `finally` ni ya lazima, kwa sababu seva nyingi hutumia uzi uleule wa utekelezaji (njia moja ya kazi ndani ya programu) kwa ombi moja baada ya jingine, na thamani isiyoondolewa inaweza kubandikwa kwenye muamala wa mtu mwingine. Namba isiyo sahihi ni mbaya kuliko kukosa namba, kwani itakupeleka kwenye akaunti isiyohusika. Kumbuka pia kwamba uzi mpya unaoanzishwa na programu, tuseme wa kutuma ujumbe wa simu, kwa kawaida huanza na kistari cha akiba. Upe uzi huo thamani hizo waziwazi.

Nimeongeza `%z` katika tarehe kwa sababu seva za kukodi mara nyingi huwekwa kwenye saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, ambayo iko nyuma ya saa ya Uganda kwa saa 3. Alama ya `+0000` au `+0300` itaondoa ubishi kati yako na karani wa tawi kuhusu saa ambayo pesa ziliwekwa.

Kuhusu maelezo mengine ya kuongeza, ninakusihi usiandike namba ya siri, namba ya kitambulisho cha taifa wala namba ya simu ya mwanachama. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na faili la logi hunakiliwa na kutumwa kwa mafundi kwa urahisi mno. Ukihitaji kumjua mwanachama, chukua namba ya muamala uitafute katika hifadhidata, ambako ni wenye ruhusa tu wanaopaswa kusoma.