Kabla Hujafungua Kompyuta: Ushauri kwa Anayeandaa Fomu ya Utafiti Huku Kusini

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayejiandaa kufanya utafiti wa upatikanaji wa maji katika vijiji vya Newala. Alianza kwa shikamoo, akaniambia amesikia kwamba data za utafiti wetu wa wakulima wa korosho zimekamilika na zimekabidhiwa kwa mtakwimu bila mvutano, kisha akaomba: "Dada, naomba unitumie fomu yenu ya REDCap, nitaibadilisha kidogo tu niitumie kwangu." Nimefurahi kwamba habari hiyo imemfikia, kwa sababu kazi ile ilitutoa jasho na ninaionea fahari. Hata hivyo sikumtumia fomu. Nimeona ni bora nimweleze yeye, pamoja na wengine wote mnaotamani kusimamia data za utafiti wa maana mkiwa hukuhuku Mtwara na Lindi, jinsi fomu ile ilivyopatikana, maana anayechukua fomu ya mwenzake huchukua pia maamuzi yote yaliyomo ndani yake bila kujua yalifanywa kwa sababu gani.

Kwa wasioifahamu, REDCap ni programu ya kukusanya na kuhifadhi data za utafiti iliyoanzishwa mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani, chini ya uongozi wa Paul Harris. Taasisi zisizo za kibiashara huipata bila malipo baada ya kuingia makubaliano na chuo hicho, na leo inatumika katika nchi zaidi ya 150. Mwaka huohuo wa 2004, katika wilaya tano za mikoa yetu, yaani Nachingwea, Lindi Vijijini, Ruangwa, Tandahimba na Newala, watafiti wa afya walihoji zaidi ya kaya 20,000 huku wadodosaji wakiingiza majibu papo hapo kwenye kompyuta ndogo za mkononi. Jambo hili nalitaja kila ninapopata nafasi, kwa sababu bado wapo wanaodhani kwamba Kusini ndiyo kwanza tunafundishwa mambo ya data.

Miaka kadhaa kabla ya utafiti wa korosho niliajiriwa kuwa mdodosaji, na baadaye msimamizi wa wadodosaji, katika mradi ambao sitautaja jina. Fomu ililetwa kutoka mjini ikiwa imeshakamilika. Tulipouliza kama baadhi ya maswali yanaweza kurekebishwa, tulijibiwa kwamba wataalamu wameshaipitisha na kazi yetu sisi ni kuuliza. Ukubwa wa shamba uliulizwa kwa hekta. Mkulima wa Tandahimba hazungumzi hekta. Anajua ekari zake, na zaidi ya ekari anajua idadi ya mikorosho yake. Kila mdodosaji ikambidi apige hesabu kichwani, huyu akigawa kwa mbili, yule kwa mbili na nusu, na mwingine, jua likiwa limeshamchosha, akiandika ekari kama zilivyotajwa. Fomu hiyohiyo ilikuwa na nafasi ya mmiliki mmoja tu wa shamba kwa kila kaya, ilhali zipo kaya nyingi huku ambazo mke ana mikorosho yake aliyoipata kwa ndugu zake na mume ana yake. Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa kibarazani akibangua korosho za kula nyumbani wakati mumewe akijibu maswali yetu. Mume aliposema shamba lote ni lake, mama aliinua uso akatamka kwa upole, "Ile ya bondeni ni yangu, mwandike vizuri." Mdodosaji akanitazama. Hapakuwa na mahali pa kuandika.

Lililotuumiza zaidi lilikuwa swali la saa. Programu hupokea saa kwa mfumo wa saa 24, na fomu ilimtaka mkulima ataje alianza kupuliza salfa saa ngapi. Huku salfa ya unga hupulizwa mapema, upepo ukiwa umetulia na umande ukiwa bado haujakauka, ili dawa ishike kwenye maua na machipukizi na kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Mzee alijibu kama anavyojibu kila mtu: saa kumi na moja. Wapo wadodosaji walioandika 05:00, na wapo walioandika 11:00. Programu ilizikubali zote mbili, kwa kuwa zote ni saa halali. Data zilipofika mjini zikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya wakulima wa Kusini hupuliza salfa karibu na adhuhuri, jambo ambalo mtoto yeyote aliyekulia kwenye mikorosho angelikataa. Katika mkutano wa kuwasilisha matokeo ilitamkwa mbele yetu, na mbele ya viongozi wa wilaya, kwamba wadodosaji wa huku hawakuwa makini. Hakuna aliyeomba kuiona fomu. Vijana wale walitembea mchangani kutwa nzima wakiwa na kishikwambi begani, na malipo yao yakawa kuaibishwa hadharani. Maneno yale bado yananiuma, na sitaki kijana mwingine ayasikie kwa sababu ya fomu aliyoandikiwa na mtu asiyewahi kuketi kwenye kibaraza alichoketi yeye.

Kwa hiyo nilipopewa dhamana ya data katika utafiti wa korosho, niliweka sharti moja kwa mtafiti mkuu: hakuna atakayefungua REDCap kabla hatujakubaliana, kwa kila swali, ni jibu la namna gani tunalitarajia na litatumika wapi. Nilimwomba mtakwimu achore majedwali ya ripoti yakiwa matupu, yenye vichwa vya safu tu. Kisha tukakaa Tandahimba, wadodosaji, afisa ugani na wakulima waliokubali kutusaidia, tukalipitia kila swali kwa sauti. Swali ambalo halikuwa na mahali katika majedwali yale tuliliondoa, hata kama aliyelipendekeza ni mkubwa. Swali ambalo mkulima alilijibu kwa namna ambayo hatukuitarajia tuliliandika upya kwa kufuata jibu lake. Hapa ndipo fomu ilipotengenezwa. Kuiingiza kwenye programu kulikuja baadaye, nako hakukuwa na la kusimulia.

Saa, kwa mfano, tuliigawa katika vipengele viwili. Cha kwanza kinapokea namba kuanzia 1 hadi 12 kama mtu anavyoisema, na cha pili kinauliza kama ni alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku; kisha kipengele cha hesabu ambacho mdodosaji hakigusi kinaibadilisha kuwa saa ya mfumo wa saa 24. Shamba tulilitengenezea fomu inayojirudia, ambayo mdodosaji huifungua upya kwa kila kipande cha shamba, nayo ina ekari zake, idadi ya mikorosho yake na mmiliki wake. Salfa tuliiuliza kwa mifuko ya kilo 25, kwa kuwa ndivyo wakulima wanavyoichukua, tukaiachia programu kazi ya kuzidisha. Mavuno tuliyachukua kwa kilo kutoka kwenye stakabadhi za chama cha msingi cha ushirika pale mkulima alipokuwa nazo, na kwa magunia pale asipokuwa nazo, tukiandika pia jibu limetoka wapi.

Swali la mahali mkulima alipouzia korosho lilitufikirisha kuliko yote. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hukabidhi korosho zake na kupewa stakabadhi akisubiri mnada, uanze kutumika Mtwara katika msimu wa 2007/2008, korosho zinatakiwa kupita kwenye vyama vya msingi hadi mnadani, na anayeuza kwa kangomba, yaani kwa wanunuzi wa pembeni nje ya mfumo huo, anavunja utaratibu. Ukimuuliza mtu jambo hilo mtendaji wa kijiji akiwa ameketi pembeni, atakujibu unachotaka kusikia. Tulilihamishia mwisho wa dodoso, tukalitanguliza kwa kipengele kinachomtaka mdodosaji athibitishe kwamba wako wawili tu, tukatenganisha "hajui" na "hakutaka kujibu", kwa sababu hayo ni majibu mawili yenye maana tofauti kabisa na fomu nyingi huyachanganya.

Yapo pia mambo ya programu yenyewe ambayo mwanafunzi wangu anapaswa kuyajua mapema. La kwanza ni kwamba REDCap haizuii kila kosa ambalo watu hudhani inalizuia. Ukiweka kiwango cha chini na cha juu cha umri, mdodosaji akiandika 140 ataonywa, lakini akiendelea programu itahifadhi. Kadhalika, kipengele ulichokiwekea alama ya lazima kwenye fomu ya kuingizia data humkumbusha tu mdodosaji anapohifadhi, naye anaweza kukipita. Kwa hiyo usijidanganye kwamba mipaka uliyoiweka inatosha. Data zinatakiwa kupitiwa jioni ileile, mdodosaji akiwa bado anaikumbuka sura ya aliyemhoji na kaya ikiwa bado jirani.

La pili ni namba za kuwakilisha jibu lililokosekana. Nimeona fomu nyingi zinazotumia 99 kwa maana ya "hajui". Sasa fikiria mkulima mwenye mikorosho 99, au bibi wa miaka 99, wapo. Sisi tulitanguliza swali la kama anajua idadi, na sanduku la idadi likawa linafunguka pale tu alipojibu kwamba anajua.

Uchaguzi wa aina ya kipengele nao unagusa uchambuzi moja kwa moja. Swali la jibu moja huzaa safu moja katika faili la data. Swali linaloruhusu kuweka alama kwenye majibu mengi huzaa safu kwa kila jibu, hivyo kipengele ulichokiita chanzo_maji chenye majibu sita kitakupa safu sita, kuanzia chanzo_maji___1. Mwulize mtakwimu wako anataka lipi kabla hujaamua. Na ukiandika hesabu ya umri, itegemee tarehe ya mahojiano, usiitegemee tarehe ya leo, kwa maana ukitumia tarehe ya leo umri wa mshiriki utaendelea kubadilika kila rekodi yake inapofunguliwa na kuhifadhiwa tena.

Majina ya vipengele yaandike kwa herufi ndogo, mafupi na yenye kueleweka. Programu hupendekeza yasizidi herufi 26, nawe ukiyapa majina kama s1, s2 na s3, wewe mwenyewe utayasahau.

Lakini nirudie lililo kubwa kuliko hayo. Ndugu zangu, tusikubali tena kupewa fomu iliyofungwa. Mnaosoma takwimu, afya ya jamii na kilimo, mnaoajiriwa kila msimu wa utafiti kama wadodosaji na kuachwa baada ya hapo, ninyi ndio mnaojua swali gani linajibika kibarazani na lipi halijibiki. Ukiitwa kwenye mafunzo, omba kuiona fomu kwanza. Isome kwa sauti. Ukiona hekta, sema. Ukiona nafasi ya mmiliki mmoja, sema. Ukiona swali la saa, omba uelezwe itaandikwaje, na usitosheke na jibu la kwamba wataalamu wameshapitisha. Nanyi mlio maofisini, mnaoandaa fomu mkiwa mbali na vijiji hivi, njooni mkae nasi kabla ya kuandika. Gharama ya nauli ya kuja Mtwara ni ndogo kuliko gharama ya data zisizotumika. Anayekusanya data apewe heshima ya kusikilizwa wakati fomu inaundwa, na isiwe anakumbukwa tu wakati wa kutafuta wa kulaumiwa.

Sasa nikujibu wewe, mdogo wangu, kuhusu rasimu uliyoniambatishia. Swali lako la nane linauliza muda wa kufuata maji, na umeliwekea sanduku la maandishi huru. Kwa namna hiyo utapata "mbali", "nusu saa", "kutwa" na "inategemea", na hutaweza kujumlisha chochote. Kule Newala, juu ya uwanda wa Makonde, muda wa kiangazi si muda wa masika, wakati watu wanapokinga maji ya mvua nyumbani. Uliza misimu hiyo miwili kila mmoja peke yake, kwa dakika, na utenganishe muda wa kwenda na kurudi na muda wa kusubiri foleni. Kwenye swali la anayefuata maji umeruhusu jibu moja, ilhali katika kaya moja anaweza kwenda mama asubuhi na binti akitoka shule. Hilo lifanye la majibu mengi. Majibu ya chanzo cha maji uliyoyaorodhesha wasomee watu wa kijiji kimoja kwanza, uone kama kuna chanzo wanachokitaja ambacho hakimo.

Ukishafanya hivyo, nenda Newala na wadodosaji wako mkaijaribu fomu katika kaya ambazo hazimo kwenye sampuli yako, wakati mradi wako ndani ya REDCap ukiwa bado katika hatua ya maandalizi. Usiuhamishie kwenye ukusanyaji rasmi kabla ya hapo. Ukishauhamisha, mabadiliko yatapita kwanza kwenye rasimu na kuwasilishwa, na kutegemea mipangilio ya taasisi yako huenda ukamsubiri msimamizi wa programu ayaidhinishe huku wadodosaji wakiwa wameshaingia vijijini. Tena, kuanzia hapo usibadilishe maana ya namba uliyoipa jibu: kama 3 ilikuwa kisima na ukaigeuza kuwa bomba, kila kaya iliyokwisha kujibu kisima itasomeka bomba, na hakuna onyo litakalomfikia mtakwimu wako. Ukihitaji jibu jipya, lipe namba mpya. Nitumie rasimu ya pili baada ya jaribio hilo, pamoja na majina ya maswali yaliyowakwamisha wadodosaji, nami nitaipitia kipengele kwa kipengele.