Antena sita, na bado 94

Jumanne usiku msomaji mmoja wa Kakamega aliniandikia: "Kaka, nimeona ruta ya antena nane, wanaitisha elfu tisa. Nichukue?" Nilikuwa nimeshalala. Niliwasha taa, nikaketi, nikaanza kumjibu, nikafuta. Jibu fupi lilikuwa "usichukue bado". Jibu refu ni aibu yangu mwenyewe, na nimeona heri niitoe hapa mara moja nipumue.

Mimi ni mtu wa video za harusi. Nakaa Mamboleo, Kisumu, na mwenzangu wa kazi yuko Nakuru. Yeye anapiga, mimi nahariri. Harusi moja inaweza kufika gigabaiti 40, na kushusha mzigo huo kulikuwa kunanikesha. Msimu wa Desemba ulipolipa vizuri, nikapanda hadi kifurushi cha megabiti 200 kwa sekunde. Wewe unayesoma hapa najua unaijua hiyo hamu: ufanye kazi ya maana ukiwa nyumbani kwako, bila kuhamia Nairobi kubanana na watu kwenye matatu.

Siku ya kwanza nikachomeka laptopu kwa kebo, nikapima kasi. 94. Nikazima ruta, nikawasha, nikapima. 94. Nikaamka saa nane usiku, mtaa mzima umelala, nikapima. 94. Haikuwahi kuwa 110, haikuwahi kuwa 70. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini namba haichezi. Mimi nilienda mjini kutafuta antena.

Muuzaji alinisoma nikiwa bado mlangoni. "Boss, hii ni antena sita. Inapenya hata ukuta wa benki." Boksi lilikuwa limeandikwa 1200 kwa herufi kubwa kuliko jina la ruta yenyewe. Nikalipa 6,500 bila hata kuligeuza nione mgongoni kumeandikwa nini. Nyumbani nikaiweka juu ya kabati la televisheni, mke wangu akaifunika kitambaa cha kufuma ili ifanane na sebule, antena zikatokeza pembeni. Nikaipiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia: "Mamboleo sasa ni Nairobi." Mungu anisamehe.

Nikapima. 94.

Jumapili hiyo shemeji alikuja kwa chakula cha mchana. Akaomba nenosiri la waifai, akaitazama ile ruta kwa muda, halafu akauliza mbele ya watoto: "Shemeji, hii inashika na redio?" Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Mpaka leo nikikumbuka, masikio yanapata moto.

Usiku ule ndipo nilipoligeuza boksi. Kwa maandishi madogo kabisa, chini: poti zote za kebo, yaani matundu ya kuchomekea, ni za megabiti 100. Kiwango hicho cha kebo ni cha mwaka 1995. Data husafiri ikiwa imefungwa kwenye vifungashio vyake, na vifungashio navyo vinakula nafasi, kwa hiyo kati ya 100 unabaki na kama 94. Ile ruta ya zamani ilikuwa vivyo hivyo. Nilikuwa nimetoa poti za 100 nikaweka poti za 100, nikaongeza pembe.

Na ile 1200? Ni megabiti 300 za bendi ya gigahezi 2.4 kujumlisha 867 za bendi ya gigahezi 5, bendi ikiwa ni kama njia ya waifai hewani. Inakuja 1167, nao wanaizungushia juu. Simu yako inashika bendi moja, si zote mbili pamoja, kwa hiyo hiyo jumla ni ya boksi tu. Tena hata ungeipata yote hewani, intaneti yenyewe inaingia kwa ile poti ya nyuma. Mlango ni wa 100, sebule ya 1200 itajazwa na nani?

Basi ushauri wangu wa kwanza, na ukitaka ndio wa pekee: geuza boksi, tazama poti. Tafuta neno gigabiti au namba 1000. Ukikuta 10/100, yaani mwisho wake ni 100, rudisha kwenye rafu hata kama ina antena kumi na mbili.

Nilidhani nimeshahitimu. Nikauza ile ya kwanza kwa hasara, nikanunua Archer C6 ya TP-Link, ambayo nayo ni ya hiyo hiyo 1200, ila poti zake ni za gigabiti. Nikaita familia yote sebuleni. Nikapima.

94.

Sitaeleza nilichosema. Nilikaa sakafuni na ile kebo fupi inayotoka kwenye kisanduku cha faiba kuingia kwenye ruta, nikiizungusha tu mkononi. Binti yangu wa kidato cha pili akainama, akatazama kile kichwa cha plastiki cha kuona ndani. "Baba, mbona zingine zimekatwa?" Nikatazama. Kebo ina nyaya nane. Ndani ya kichwa zilikuwa zimefika nne tu: ya machungwa na mwenzake, ya kijani na mwenzake. Za buluu na za kahawia zilikuwa zimekatwa nje kidogo ya kichwa, safi kabisa, na fundi aliyetufungia. Nyaya nne zinatosha 100. Gigabiti inataka zote nane. Nikatoa kebo iliyokuja ndani ya boksi la ruta, nikachomeka. 201. Gigabaiti 40 zilizokuwa zikichukua karibu saa nzima sasa hazimalizi nusu saa. Binti aliomba zawadi, na alipewa.

Kwa hiyo nasema tena, tazama poti, na tazama kinachoingia kwenye poti. Ukiona kebo imeandikwa Cat5e au Cat6 ubavuni, yaani daraja linaloweza kubeba gigabiti, sawa, lakini hesabu nyaya mwenyewe. Waifai inakuja baadaye. Bendi ya 5 ina kasi lakini ukuta wa mawe unaichosha haraka, ya 2.4 inafika mbali, ila mtaa mzima umejazana huko. Weka ruta katikati ya nyumba, juu, mbali na friji. Na kitambaa ondoa. Kwa joto la Kisumu ile ruta ilikuwa inapika.

Sisi wa Kisumu, tuambizane ukweli, tunapenda kitu kionekane. Tutanunua spika kubwa kuliko chumba. Nami ndiye nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, kwa hiyo usinikasirikie. Lakini kijana, pesa ya kazi yako usimpe muuzaji kwa sababu amekuita boss. Uliza swali moja tu, poti ni za ngapi, halafu mtazame usoni. Akianza kukuonyesha antena, toka dukani. Usione haya kutoka. Haya nilishaziona mimi kwa niaba yako.

Ndugu wa Kakamega, hiyo ya antena nane huenda ni nzuri, sijui. Ipige picha mgongoni unitumie. Ikiwa kifurushi chako ni cha megabiti 20 au 40, hata poti za 100 zinakutosha, na hiyo elfu tisa nunua betri ya kushikilia ruta stima ikipotea.

Wiki jana shemeji naye aliniandikia. Amehamia Milimani, amefungiwa faiba, anauliza anunue ruta gani. Nilisoma ujumbe saa tatu asubuhi. Nilimjibu Alhamisi.